Rothko Chapel, Houston: picha 14 nyeusi ninazowapeleka wageni wangu kuziona

Mgeni anayetua Houston huniuliza habari za NASA na za maduka ya Galleria. Huko atapelekwa na wengine. Mimi humpeleka mtaa wa Montrose, kwenye jengo la matofali lisilo na dirisha hata moja, liitwalo Rothko Chapel. Ndani yake mna picha 14 kubwa, na ukizitazama kwa haraka zote ni nyeusi. Kuingia ni bure. Wapo walionishukuru siku hiyo hiyo, na wapo walionuna ndani ya gari hadi nyumbani kwamba nimewapotezea jioni. Nawaandikia hawa walionuna, pamoja na Waswahili wenzangu wa hapa Texas ambao wamepita nje ya jengo lile mara nyingi wakidhani ni kituo cha umeme.

Niseme kwanza kazi yangu, maana ndiyo iliyonisaidia kuziona. Nashona mabuibui na abaya nyumbani kwangu, kusini-magharibi mwa jiji. Kwetu ni Mombasa, na vitambaa vyeusi nimekua navyo. Asiyeuza nyeusi hudhani nyeusi ni moja. Chukua majora matatu ya nida, kitambaa cha abaya, yote uliyauziwa kwa jina la nyeusi tititi, uyakunjue kando kwa kando mlangoni penye jua. Moja litavuta ukijani. La pili litavuta wekundu wa mbali, hasa pale kitambaa kinapokunjwa. La tatu lina ubuluu ndani yake, na hilo ndilo ghali. Ukikata mikono kwenye jora hili na mwili kwenye jora lile, mteja hataona kitu siku ya kupima. Ataona siku ya harusi, chini ya taa za ukumbini, na hatarudi kwako tena. Kwa hiyo jicho langu limezoea kuuliza swali moja: nyeusi hii inavuta wapi? Nilipoketi mle ndani nililiuliza swali hilo hilo, na picha zikajibu, ila kwa taratibu mno kuliko kitambaa.

Ukifika unaingilia kwenye ukumbi mdogo. Hapo pamewekwa vitabu vitakatifu vya dini mbalimbali, Kurani na Biblia vikiwemo, na unaruhusiwa kuchukua kimoja ukakae nacho ndani. Msimamizi atakukumbusha kwa sauti ya chini kwamba picha hazipigwi. Kisha unapita kwenye mmoja wa milango miwili na kujikuta katika chumba chenye pande nane. Kuta ni za kijivu, sakafu ni ya rangi ya kiza, kuna mabenchi ya mbao yasiyo na egemeo na mito ya kukalia chini. Mwanga unashuka kutoka darini tu. Hakuna kibao cha maelezo ukutani, hakuna jina la picha, hakuna mshale wa kukuonyesha uanzie wapi.

Kwa kuwa hakuna atakayekueleza, nakueleza mimi. Ukuta wa mbele yako, wa kaskazini, una picha tatu zilizowekwa pamoja bila nafasi kati yake. Kulia na kushoto kwako, mashariki na magharibi, kuna tatu tatu nyingine, ila ya katikati imepandishwa juu kidogo kuliko wenzake wawili. Kwenye kuta nne za pembe kuna moja moja. Ya mwisho iko nyuma yako, kati ya ile milango miwili uliyoingilia, na wengi hawaioni mpaka wanapogeuka kutoka. Picha ndefu kabisa zina kimo cha mita nne na nusu hivi. Saba kati ya zote zina umbo: mraba mrefu mweusi wenye kingo zilizonyooka, umekaa juu ya rangi ya damu ya mzee, na hiyo damu ya mzee inaonekana pembezoni kama pindo. Saba zilizobaki hazina umbo lolote. Ni zambarau iliyokolea hadi ikafika mlangoni mwa nyeusi, kutoka juu mpaka chini.

Hayo yote hutayaona mara ukiingia. Mara ukiingia utaona nyeusi, basi, na hapo ndipo wengi husimama kidogo, wakazunguka mara moja, wakatoka. Kosa si lao peke yao. Umetoka kwenye jua la Texas, mboni zimejibana, na jicho likitoka kwenye mwanga mkali huhitaji dakika kadhaa kabla ya kupambanua chochote mahali penye kiza. Kuzoea kiza hasa huchukua hata nusu saa. Kuna jambo jingine pia. Mwanga ukipungua, zile chembe za jicho zinazotofautisha rangi hulegea, na zile za kuonea usiku hushika kazi. Nyekundu ndiyo ya kwanza kuzama. Buluu hubaki ikielea. Sasa fikiria picha iliyotiwa nyekundu na buluu na nyeusi kwa pamoja, halafu iwekwe chini ya dari inayopitisha mwanga wa mbingu. Wingu likipita juu ya jengo, ukuta mzima unavuta ubuluu. Wingu likiondoka, wekundu unarudi, na unarudi kutoka ndani, kuanzia katikati ya picha kuelekea pembeni.

Hili nililiona vizuri siku moja ya mawingu ya vipande, yale yanayokimbia kutoka upande wa Ghuba ya Meksiko. Nilikaa nikielekea zile tatu za kaskazini. Ile ya kushoto, ambayo kwa muda mrefu niliiona imepakwa mkono mmoja tu, ilianza kuonyesha njia za brashi: pana, zikipanda na kushuka, mahali zimepishana rangi ikawa nzito, mahali zimeachana ikawa nyepesi kiasi cha kuona wekundu chini yake. Ya katikati ilikuwa na joto zaidi kuliko wenzake. Nilihama benchi ili nihakikishe si jicho langu linanidanganya, nikakuta bado iko vile vile. Picha tatu ambazo mtu angesema ni jora moja, kumbe kila moja inavuta kwake, na mchoraji alijua, akaziweka zigusane makusudi ili tofauti ionekane palepale zinapokutana.

Mchoraji mwenyewe ni Mark Rothko, aliyezaliwa 1903 katika mji wa Dvinsk, ambao leo uko Latvia, akahamia Marekani na familia yake ya Kiyahudi akiwa mtoto. Kazi hii alipewa mwaka 1964 na mume na mke Wafaransa waliohamia Houston, John na Dominique de Menil, ambao utajiri wao ulitokana na kampuni ya Schlumberger ya mambo ya visima vya mafuta. Rothko alikodi banda la zamani la magari ya farasi mjini New York, akajenga ndani yake kuta zenye vipimo vile vile vya jengo la Houston, na chini ya kioo cha paa akatundika parachuti ili azuie na kuachia mwanga atakavyo. Kwa zile zambarau alitumia poda za rangi zilizokorogwa na gundi ya ngozi ya sungura, zikapakwa tabaka juu ya tabaka. Kwa ile miraba myeusi alichanganya rangi ya mafuta na mayai. Ukijua hilo utaelewa kwa nini, ukisogea pembeni ya picha hizo, nyeusi na pindo lake havipokei mwanga kwa namna moja. Mtu aliyewahi kupanga hariri nyeusi na pamba nyeusi kwenye rafu moja atatambua mara moja.

Picha zilikuwa zimekamilika mwaka 1967. Nautaja mwaka huo kwa sababu kuna maelezo nisiyoyapenda, na kila ninayempeleka ameshayasikia mahali: kwamba Rothko alijiua, kwa hiyo weusi huu ni barua yake ya kuaga. Ni kweli alijiua, tarehe 25 Februari 1970, na jengo likafunguliwa Februari 1971 bila yeye kuliona limekamilika. Lakini picha alizimaliza miaka mitatu kabla, kwa kazi ya kupimapima ya muda mrefu, akiwa na wasaidizi, akibadilisha kimo cha mraba kwa inchi chache hadi aridhike. Hiyo ni kazi ya fundi aliyeko kazini. Kuisoma yote kama kilio ni kumwonea.

Na mimi, mtu wa Pwani, nina sababu nyingine ya kukataa. Nani alisema nyeusi ni huzuni? Kwetu mwanamke huvaa buibui jeusi kwenda harusini, kwenda Idi, kwenda kumpongeza aliyejifungua. Maiti ndiye huvikwa nyeupe. Nyeusi nzuri kwetu ni heshima, na chini yake kuna rangi zote: dera la manjano, kanga mpya, hina, dhahabu ya shingoni. Ninapoona damu ya mzee ikichungulia pembeni ya mraba mweusi wa Rothko, ninaona mtu aliyevaa vizuri. Najua yeye hakukusudia hivyo. Ila picha hizi zimeachwa bila jina wala maelezo, na kila mtu anaingia na macho aliyokulia nayo.

Sizipendi zote sawasawa. Zile za mashariki na magharibi, zenye miraba yenye kingo kali, mpaka leo hazijaniingia. Zinasimama mbele yangu na kunizuia mlangoni. Jicho linapiga ukingo, linarudi. Za kaskazini na za pembe ndizo zinazonikalisha. Ile moja ya kusini, iliyo nyuma ya mgongo, ni nzuri kuliko inavyotazamwa: weusi wake umekaa juu na pindo la chini limeachwa pana. Ukienda, kaa angalau kidogo ukielekea huko.

Mama yangu alipokuja kutoka Mombasa, nilimpeleka. Nilikuwa na wasiwasi. Alisimama kwenye ukumbi wa mbele, akaniangalia.

“Mwanangu, hapa ni kanisani?”

“Si kanisa la watu fulani, mama. Wenyewe wanasema ni pa dini zote, na asiye na dini.”

“Mbona sioni msalaba?”

“Haupo. Hakuna alama yoyote.”

Akaingia, akakaa benchi la karibu na mlango, akatoa tasbihi yake mkobani. Baada ya muda mrefu akaniuliza kibla kiko upande gani, nikamwonyesha kaskazini-mashariki, akageuka kidogo na kuendelea. Karibu yetu alikuwepo kijana ameketi chini juu ya mto, miguu ameikunja, macho ameyafumba, na mzee wa Kizungu aliyekuwa anasoma. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Nje mama akasema, “Ile ya pembeni upande wa kulia ni nyeusi ya rangi ya zambarau zilizoiva. Hizi nyingine sijazijua bado.” Mama hajasoma sanaa popote. Amenunua vitambaa kwa miaka mingi Biashara Street, na lile neno “bado” lilinifurahisha kuliko angenisifia mahali pote.

Swali lake kama hapa ni kanisani ni la haki, na wengi wetu watauliza. Mwanzoni jengo lilikusudiwa liwe la Wakatoliki, la Chuo Kikuu cha St. Thomas kilicho jirani, na wapo wanaohusisha idadi ya picha 14 na vituo vya Njia ya Msalaba. Kabla halijafunguliwa mpango ulibadilika, likawa la watu wa imani zote, na tangu hapo limekuwa pia mahali pa mikutano ya haki za binadamu. Nelson Mandela alihutubia huko mwaka 1991, mwaka mmoja na miezi baada ya kutoka jela, na akapewa tuzo maalumu.

Nje, mbele ya mlango, kuna bwawa la maji na katikati yake sanamu ya chuma kilichoachwa kishike kutu: piramidi chini, na juu yake nguzo iliyopinduliwa na kuvunjika, ncha kwa ncha. Ni kazi ya Barnett Newman, iitwayo Broken Obelisk. Akina de Menil walitaka jiji la Houston liipokee na kuiweka kwa kumbukumbu ya Martin Luther King, aliyeuawa 1968. Jiji likakataa jina la King. Wakainunua wenyewe, wakaiweka hapo, na jina la King likabaki. Ninapokuwa na watoto ndipo huanzia, kwa sababu sanamu ile wanaielewa mara moja, wanazunguka bwawa wakiuliza haianguki vipi, na hasira kidogo ya habari ya lile jina wanaibeba hadi ndani.

Kuhusu mwanga, mtu aliyekwenda zamani na anayekwenda leo hawatazami chumba kile kile. Rothko alichorea New York, kwenye mwanga wa huko, na jua la Houston likawa kali mno kwa picha zake. Baada ya kufunguliwa, darini pakatandikwa kitambaa cha kupunguza mwanga, baadaye pakawekwa kizuizi kikubwa kilichofanya katikati pawe na giza na mwanga utawanyike pembeni. Mwaka 2019 jengo likafungwa, likatengenezwa kioo kipya cha paa chenye mabapa ya kuelekeza mwanga ukutani, na likafunguliwa tena Septemba 2020. Halafu kimbunga Beryl cha Julai 2024 kikapitisha maji darini, baadhi ya kuta zikalowa na picha tatu zikaharibika. Jengo likafungwa tena hadi Desemba mwaka huo. Sisi tuliokaa siku nyingi bila umeme baada ya Beryl tunajua upepo ule ulivyokuwa. Niliposikia habari ya zile picha moyo uliniuma kama vile nimesikia habari ya ndugu. Rangi iliyokorogwa na mayai na gundi ya ngozi, ikiguswa na maji, haifuliwi ikarudi.

Sasa ya kwenda. Chagua siku yenye mawingu ya kupitapita. Siku ya jua tupu ni sawa, ila chumba kinatulia sana na hutaona mabadiliko. Siku ya mvua kubwa zile zambarau zinazama na utakazana bure. Saa nne au saa tano asubuhi ni nzuri kwangu, kwa kuwa watu ni wachache. Zima simu kabisa, maana hata mtetemo wake unasikika. Ukiwa na miwani ya jua, ivae hadi mlangoni, uivue ukiingia. Ukiwa na mgongo mbovu kumbuka mabenchi hayana egemeo. Watoto wadogo wanaruhusiwa, lakini kimya cha mle ndani ni kizito, na mtoto wa miaka mitatu atakulazimisha utoke kabla jicho lako halijafunguka. Saa za kufungua zinabadilika kukiwa na shughuli, kwa hiyo angalia tovuti yao kabla ya kuondoka nyumbani. Magari hukaa barabarani, soma vibao.

Kitu kimoja ningependa wasimamizi wa Rothko Chapel wafikirie. Kukosa maelezo ukutani ni sawa kabisa, picha zinahitaji hivyo. Lakini kwenye nyumba ya kupokelea wageni, ng'ambo ya barabara, ningefurahi siku moja nikute karatasi ya Kiswahili. Houston ina Wakongo wengi waliopitia makambi ya wakimbizi, ina Wakenya, Watanzania, Warundi. Jirani yangu mmoja wa Uvira, mama mtu mzima, alikaa mle ndani kwa muda ambao sijawahi kumwona amekaa bila kazi mkononi, na nje aliniuliza maswali mengi kuhusu nani alijenga, nani analipa, kwa nini hawadai pesa. Alistahili kujisomea mwenyewe.

Ukitaka kuunganisha safari, jumba la sanaa la Menil Collection liko hatua chache tu, nalo ni bure, ila hufungwa Jumatatu na Jumanne. Lina chumba cha sanaa za Afrika kinachostahili muda wake. Mbele kidogo kuna Richmond Hall, lililokuwa duka la vyakula, ambako msanii Dan Flavin alipanga mirija ya taa za waridi, kijani, manjano na buluu kwenye kuta ndefu mbili. Nzuri sana, lakini usipange kwenda huko na Rothko asubuhi moja. Ukitangulia Flavin utaingia Rothko na macho yaliyojaa rangi za taa, na zile zambarau hazitakufungukia hata ukae saa nzima. Anza Rothko, tembea nje chini ya ile mialoni hadi njaa ikushike, kula, kisha Menil. Flavin mwekee siku yake.